Makundi yaliyojificha kwenye mtandao: maswali ya wasomaji

Toleo lililopita lilieleza jinsi ya kuchora mtandao wa watu: nukta kwa kila mtu, mstari kwa kila uhusiano. Tangu hapo barua kutoka Bukavu, Goma na Lubumbashi zinauliza jambo moja kwa njia nyingi: makundi ninayoyaona kwenye mchoro, nitajuaje kama yapo kweli? Tunajibu barua saba. Mbili za kwanza tumezijibu kwa urefu, kwa sababu mengine yote yanasimama juu yake.

Ndugu wataalamu, salamu. Ninafuatilia akina mama 60 wa soko la Kadutu wanaokopeshana bidhaa na makuta. Kwenye kaye yangu nimeandika nani hukopeshana na nani. Jumla ni viungo 166. Kijana mmoja aliingiza kaye hiyo kwenye ordinatere, programu ikawagawa akina mama mafungu mawili ya watu 30, moja jekundu, lingine la buluu. Picha inapendeza, ila moyo haujatulia. Je, programu ingeweza kugawa hata kama mafungu hayapo?
*Mama wa Kadutu, Bukavu*

Ndiyo, Mama, ingeweza, na una haki ya kutotulia. Programu nyingi za kugawa mitandao zimetengenezwa zigawe. Ukizipa mtandao uliochorwa kwa kurusha sarafu, zitakuletea makundi na rangi zake vilevile. Mwaka 2004 Roger Guimerà, Marta Sales-Pardo na Luís Amaral walionyesha kwamba hata mtandao wa kubahatisha tu unaweza kupata alama kubwa ya modulariti, ile alama ambayo programu nyingi huitumia kusifia mgawanyo wake.

Njia ya kujitoa hapo ni modeli ya bloku, iliyoandikwa na Paul Holland, Kathryn Laskey na Samuel Leinhardt mwaka 1983. Inasema hivi: kila mtu yumo ndani ya bloku (yaani fungu) moja, na uwezekano wa watu wawili kuunganishwa unategemea bloku zao tu. Kwa kuwa inaeleza jinsi mtandao unavyozaliwa, unaweza kuipima dhidi ya maelezo mepesi zaidi, yale yasemayo kwamba hakuna bloku yoyote.

Tufanye hesabu yako kwa kalamu. Watu 60 wana jozi 60 × 59 ÷ 2 = 1,770. Tuseme kaye yako inaonyesha viungo 87 ndani ya fungu jekundu, 61 ndani ya fungu la buluu, na 18 vinavyovuka. Ndani ya fungu la watu 30 kuna jozi 435. Kati ya mafungu mawili kuna jozi 900. Uwezekano basi ni 87/435 = 0.20 kwa wekundu, 61/435 = 0.14 kwa buluu, na 18/900 = 0.02 kwa wanaovuka. Bila mafungu, kuna namba moja tu: 166/1,770, karibu 0.094.

Sasa kila maelezo yanapewa alama. Kwa kila sehemu ya jedwali, chukua idadi ya viungo mara logi ya asili ya uwezekano wake, ongeza idadi ya jozi zisizounganishwa mara logi ya (1 toa uwezekano huo), kisha jumlisha sehemu zote. Bila mafungu unapata −550.84. Kwa mafungu mawili unapata −482.25. Faida ya kugawa ni 68.59.

Wengi huishia hapo na kufurahi. Tafadhali usiishie hapo. Kugawa kuna gharama, kwa sababu ulikuwa huru kumweka kila mama upande wowote, na uhuru huo peke yake hupandisha alama. Kipimo kiitwacho ICL, ambacho Jean-Jacques Daudin, Franck Picard na Stéphane Robin walikitumia kwa modeli hii mwaka 2008, kinatoza hivi: kuandika kila mama yuko fungu gani, 60 × logi ya 2 = 41.59; ukubwa wa mafungu, nusu ya logi ya 60 = 2.05; na vigezo viwili vilivyoongezeka (uwezekano sasa ni namba tatu badala ya moja), kila kimoja nusu ya logi ya 1,770, jumla 7.48. Gharama yote ni 51.12. Faida ya 68.59 inabaki 17.47. Bado iko juu ya sifuri, kwa hiyo mafungu mawili yanasimama. Ila tazama jinsi robo tatu ya ile faida ilivyoyeyuka. Kama viungo vinavyovuka vingekuwa vingi kidogo, kisingebaki kitu, na jibu la haki lingekuwa fungu moja.

Rudia hesabu hiyo kwa mafungu matatu na manne. Idadi yenye alama ya juu baada ya kutoa gharama ndiyo ya kuchukua. Halafu mwambie kijana afanye jaribio la kuchanganya: achukue viungo viwili kwa bahati nasibu, A na B, C na D, avibadilishe viwe A na D, C na B, isipokuwa pale ambapo kiungo hicho kipo tayari au mtu angeunganishwa na nafsi yake. Mabadilishano 1,660 hivi, yaani mara kumi ya viungo vyako, yanatosha kuuvuruga mtandao huku kila mama akibaki na idadi yake ileile ya viungo. Atengeneze mitandao 100 ya namna hiyo na kuigawa yote kwa programu ileile. Ikiwa faida yako haizidi za karibu mitandao yote iliyovurugwa, usiupeleke mgawanyo huo kwenye kikao cha akina mama.

Mimi ni mwanafunzi, naandika memuari juu ya biashara ya bidhaa zinazopita Kasumbalesa. Nina wauzaji wa jumla 12 na wauzaji wa rejareja 150 wa komini za Kenya, Katuba na Ruashi. Kiungo ni "huyu amenunua kwa yule". Nimetumia Louvain. Inawatawanya wauzaji wa jumla, kila mmoja na wateja wake, wakati mwalimu wangu anasema wao ni kundi moja. Nani amekosea?
*Mwanafunzi, Lubumbashi*

Hakuna aliyekosea, ndugu mwanafunzi. Maswali ni mawili tofauti. Louvain, algorithimu ya mwaka 2008 yenye jina la chuo kikuu cha Ubelgiji ambako ilitengenezwa, hutafuta watu walioshikamana wao kwa wao. Mwalimu wako anazungumzia watu wanaochukua nafasi ileile sokoni. Wauzaji wa jumla hawanunuliani. Wanafanana kwa sababu wote wanauzia watu wa aina moja. Hata madeklara wa mpakani, wale wanaoshughulikia karatasi za forodha, wako hivyo: kila mmoja anafanya kazi na wasafirishaji, wachache sana hufanya kazi wao kwa wao, lakini hakuna atakayekataa kwamba ni kundi.

Angalia kwa namba. Tuseme kuna viungo 360 kati ya jumla na rejareja, 6 kati ya wa jumla wenyewe, na 112 kati ya wa rejareja. Jozi zinazowezekana ni 1,800, 66 na 11,175. Uwezekano ni 0.20, 0.09 na 0.01. Jedwali hilo linasema wazi kwamba uzito uko nje ya ulalo, yaani kati ya bloku, si ndani yake. Kwa modeli ya bloku hilo halina shida yoyote: haidai kwamba bloku iwe nzito ndani, inasoma jedwali kama lilivyo. Lakini hesabu modulariti ya mgawanyo uleule. Viungo vya ndani ni 118 kati ya 478, sehemu 0.247. Kila kiungo kina ncha mbili, jumla ncha 956: 372 ziko kwa wa jumla, 584 kwa wa rejareja. Kinachotarajiwa kwa bahati nasibu ni (372/956)² + (584/956)², yaani 0.525. Tofauti ni −0.28. Alama hasi! Programu inayokimbilia modulariti kubwa haiwezi kuuchagua mgawanyo wa mwalimu wako hata ikiendeshwa usiku kucha.

Kwa hiyo andika kwanza, kwa maneno, unatafuta nini. Ukitaka kujua nani anamtegemea nani kwa bidhaa, mgawanyo wa Louvain una maana, ila tumia algorithimu ya Leiden badala yake. Vincent Traag, Ludo Waltman na Nees Jan van Eck waliitoa mwaka 2019 baada ya kuonyesha kwamba Louvain inaweza kuleta kundi ambalo vipande vyake havijaunganishwa kabisa. Ukitaka nafasi za watu sokoni, tumia modeli ya bloku, na usiharibu mwelekeo: "A amenunua kwa B" si sawa na "B amenunua kwa A". Weka mshale, na jedwali lako la bloku litakuwa na pembe mbili zinazosomwa tofauti.

Modulariti ina kasoro nyingine ambayo mwalimu anaweza kukuuliza siku ya kutetea. Santo Fortunato na Marc Barthélemy walionyesha mwaka 2007 kwamba ikiwa mtandao una viungo L, makundi yenye viungo vya ndani vinavyokaribia mzizi wa 2L, au pungufu, yanaweza kumezwa na majirani hata yakiwa yameshikamana kabisa. Kwako, mzizi wa 956 ni karibu 31. Watu wanane wanaouziana wote kwa wote wana viungo 28 tu, kwa hiyo wako hatarini.

Nina orodha ya simu kati ya mareko 240 wa afya (wahamasishaji wa jamii) wa Goma, bila majina. Modeli ya bloku yenye makundi mawili imenipa "wanaopiga sana", watu 31, na "wanaopiga kidogo", watu 209. Nilitegemea kuona kanda zao za kazi. Nini kimeharibika?
*Msomaji wa Katindo, Goma*

Modeli ya kawaida ina dhana moja ngumu: watu wote wa bloku moja wana uwezekano uleule wa kuunganishwa. Kwa hiyo idadi ya viungo vya watu wa bloku moja inatakiwa kukaa karibu na wastani wake. Wastani ukiwa 6, mtawanyiko unaotarajiwa ni mzizi wa 6, karibu 2.4. Reko mwenye viungo 40 hawezi kuelezwa na bloku ya wastani wa 6, na modeli inalazimika kumtafutia bloku nyingine. Mitandao mingi ya watu ina wachache wanaojulikana na wengi, hivyo bloku mbili za kwanza zinaishia kutumika kwa kutenganisha wenye viungo vingi na wenye vichache. Kanda zako huenda zimo humo humo, ila hakuna nafasi iliyobaki ya kuzionyesha.

Dawa ilitolewa mwaka 2011 na Brian Karrer na Mark Newman: kila mtu apewe kigezo chake cha wingi wa viungo. Idadi ya viungo inayotarajiwa kati ya watu wawili inakuwa: viungo vya wa kwanza, mara viungo vya wa pili, mara viungo vyote kati ya bloku zao, gawanya kwa (jumla ya viungo vya watu wote wa bloku ya kwanza mara ile ya bloku ya pili). Mfano: mwenye viungo 20 katika bloku yenye jumla 200, na mwenye viungo 10 katika bloku yenye jumla 150, na kati ya bloku hizo viko viungo 30. Ni 20 × 10 × 30 ÷ (200 × 150) = 0.2. Mtu mashuhuri anaruhusiwa kuwa mashuhuri bila kuvuruga mgawanyo.

Karrer na Newman waliijaribu kwenye mtandao maarufu wa klabu ya karate ya chuo kimoja cha Marekani, uliochapishwa na Wayne Zachary mwaka 1977: watu 34, viungo 78, klabu iliyopasuka kwa ugomvi kati ya mwalimu na mwenyekiti. Modeli ya kawaida iliwaweka mahasimu wawili hao pamoja, kwa sababu wote wawili walikuwa na viungo vingi. Iliyosahihishwa ilileta mgawanyo unaokaribiana sana na jinsi klabu ilivyopasuka kweli.

Usiitumie kwa upofu, hata hivyo. Marekebisho hayo yanaongeza vigezo vingi, na kwenye mtandao mdogo yanaweza kugharimu kuliko yanavyoleta. Endesha zote mbili, ulinganishe urefu wa maelezo, yaani biti ngapi zinahitajika kuandika modeli pamoja na mtandao; yenye maelezo mafupi ndiyo bora. Na reko mwenye kiungo kimoja tu, usimpake rangi. Tazama uwezekano wake wa kuwa katika kila kundi; ukikuta 0.55 kwa 0.45, andika "hajulikani".

Naandaa uchunguzi wa nani hushauriana na nani kati ya wakulima. Kila mmoja nimuombe ataje watu wangapi? Nataka wachache ili kazi iende haraka.
*Mchunguzi, Ibanda, Bukavu*

Papa, kuna mpaka ambao hata ordinatere yenye nguvu haiuvuki, na inafaa uujue kabla ya kuchapa fomu. Chukua makundi mawili yaliyo sawa kwa ukubwa. Tuseme mtu wa kawaida ana viungo *n* ndani ya kundi lake na *j* kwenda nje. Makundi yanaweza kugunduliwa kutoka kwenye viungo peke yake ikiwa (n − j)² inazidi n + j. Chini ya hapo, mtandao hauna dalili ya makundi ambayo algorithimu yoyote ingeweza kuishika, hata makundi yenyewe yakiwa kweli yapo, na hata uongeze watu wafike milioni. Aurelien Decelle, Florent Krzakala, Cristopher Moore na Lenka Zdeborová walieleza mpaka huo mwaka 2011 kwa njia za fizikia, na baadaye Elchanan Mossel, Joe Neeman, Allan Sly na Laurent Massoulié waliuthibitisha kihisabati.

Jaribu namba. Wawili ndani, mmoja nje: tofauti 1, mraba wake 1, jumla 3. Haigunduliki. Watatu ndani, mmoja nje: 4 dhidi ya 4, uko palepale kwenye mpaka, haujaupita. Wanne ndani, mmoja nje: 9 dhidi ya 5, unapita. Ukibaki na uwiano wa wawili kwa mmoja, unahitaji zaidi ya 6 kwa 3 ndipo upite: 8 kwa 4 inatoa 16 dhidi ya 12. Sheria hii ni ya mitandao mikubwa yenye viungo vichache kwa kila mtu. Kwa watu 50 ichukue kama dira tu.

Kwa hiyo fomu ya "taja watu watatu" ni hatari. Inamkata mkulima anayeshauriana na kumi, na mara nyingi hukata viungo vya nje kwanza, maana watu huanza kutaja wa karibu. Acha mistari kumi. Uliza jambo lililotendeka: "mwezi uliopita ulimwomba nani ushauri wa mbegu?", kwa sababu "marafiki wako ni nani?" hujibiwa kwa heshima kuliko kwa ukweli. Anza na wakulima 30, kadiria *n* na *j*, halafu ndipo uamue ukubwa wa kazi.

Na jambo moja ambalo huharibu uchunguzi mwingi: mkulima ambaye hukumkuta nyumbani si mkulima asiye na viungo. Kwenye jedwali usimwandikie sifuri, andika kwamba data haipo. Ukiandika sifuri, modeli itaunda bloku safi kabisa ya watu waliokuwa shambani siku ile. Kwenye R, programu ya takwimu, kuna pakiti iitwayo missSBM iliyotengenezwa kwa ajili ya mapengo ya namna hiyo.

Nina avek (vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana) 18 za Bagira, kila moja wanachama 25. Watu kwa majina ni 410. Nimeunganisha kila wawili walio kwenye avek moja. Programu imenirudishia makundi 18. Imefanya kazi vizuri?
*Karani wa avek, Bagira, Bukavu*

Imekurudishia kaye yako mwenyewe, ndugu karani. Avek moja ya watu 25 ukiigeuza kuwa viungo vya mtu kwa mtu inazaa viungo 300. Avek 18 zinazaa hadi 5,400, na vyote vimetoka kwenye mistari 450 ya kaye. Mshikamano unaouona umeutengeneza wewe.

Kwa kawaida tungeshauri uache mtandao uwe wa pande mbili, watu upande mmoja na avek upande mwingine, na kutumia modeli ya bloku ya pande mbili kama ile ya Daniel Larremore, Aaron Clauset na Abigail Jacobs ya mwaka 2014. Lakini hesabu kwanza ulicho nacho. Mistari 450 toa watu 410: uanachama wa ziada ni 40 tu. Watu wasiozidi 40 ndio wanaobeba habari yote kuhusu avek ipi iko karibu na ipi. Wengine wote wako kwenye avek moja na hawasemi lolote juu ya hilo. Afadhali nukta ziwe avek zenyewe, 18, na kiungo kiwe na namba: wanachama wangapi wanashirikiana. Jozi ni 153. Tumia modeli ya bloku ya kuhesabu, ya Poisson, na usitegemee zaidi ya makundi mawili au matatu.

Makundi niliyopata hayalingani na kartie (mitaa), wala na kabila za watu. Mwenzangu anasema basi modeli imekosea, tuongeze safu ya kabila ili "tuisaidie". Mnasemaje?
*Msomaji wa Panzi, Bukavu*

Tunasema: msiongeze safu hiyo.

Kwanza kwa upande wa elimu. Kartie ni habari moja kuhusu watu. Viungo ni habari nyingine. Leto Peel, Daniel Larremore na Aaron Clauset walieleza mwaka 2017 kwamba lebo za namna hiyo si ukweli ambao mgawanyo lazima ufanane nao. Zikitofautiana, inawezekana lebo haihusiani na viungo hivi, au lebo na modeli vinaonyesha sura mbili za mtandao mmoja, au mtandao hauna makundi. Hilo linapimika: gawanya watu kwa kartie zao, hesabu jinsi mgawanyo huo unavyoeleza viungo, kisha changanya lebo za kartie kati ya watu mara 1,000 na uhesabu upya kila mara. Kartie halisi ikizidi karibu zile zote zilizochanganywa, ina uhusiano na viungo, hata kama siyo mgawanyo bora kuliko wote.

Pili, na hili ndilo linalotugusa zaidi. Faili inayosema nani humkopesha nani, nani humpigia nani, tayari ni kitu kizito katika mkoa wetu. Ikiongezewa kabila inakuwa orodha ambayo mtu mwenye nia mbaya hahitaji takwimu ili kuitumia. Toa majina na namba za simu kabla data haijaingia kwenye mashine. Weka namba za kubuni, na ufunguo wake uwe kwenye karatasi, mahali pengine, mkononi mwa mtu mmoja. Usichapishe mchoro wenye nukta za watu mmoja mmoja: mwenye viungo 40 anatambulika na majirani hata bila jina. Chapisha jedwali la bloku peke yake, na bloku ya watu wachache iunganishe na nyingine kwanza. Bloku ziite A, B, C. Ukizipa jina la watu, jina hilo litabaki hata siku hesabu itakaposahihishwa.

Nitumie programu gani kwenye mashine yenye RAM ya GB 4, na umeme unaokatika kila mara?
*Msomaji wa Kampemba, Lubumbashi*

Kwa watu wasiozidi elfu mbili hivi, R na pakiti yake iitwayo sbm. Inajaribu idadi mbalimbali za bloku na kukupa ICL ya kila moja. Inashika jedwali zima la mtu kwa mtu: watu 2,000 ni visanduku milioni 4, kila kimoja baiti 8, yaani MB 32, hakuna tatizo; lakini watu 20,000 ni GB 3.2 kwa nakala moja tu, na mashine yako itakwama. Mitandao mikubwa ipeleke kwenye graph-tool, maktaba ya Python ya Tiago Peixoto, inayoshika viungo vilivyopo pekee na kuchagua idadi ya bloku kwa urefu wa maelezo. Kwenye Windows isakinishe ndani ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), kupitia conda (kisakinishi cha pakiti); pakua kila kitu siku moja yenye intaneti nzuri.

Data iwe CSV (faili la maandishi linalotenganisha safu kwa mkato) ya safu mbili, namba ya mtu na namba ya mtu, bila mistari inayojirudia wala mtu aliyeunganishwa na nafsi yake. Angalia hayo mawili kabla ya lingine lolote. Algorithimu hizi hukwama kwenye jibu la karibu wakati lililo bora liko mbali, kwa hiyo anza upya mara 50 kutoka mahali tofauti na utunze lenye alama ya juu. Baada ya kila mara, hifadhi alama, mgawanyo na namba ya mbegu (ile inayoanzisha bahati nasibu ya programu) kwenye faili lake. Umeme ukikatika kwenye mara ya 37, unaendelea na ya 38. Usishangae bloku ya 1 ya leo ikiitwa bloku ya 3 kesho, kwani namba za bloku hazina maana yoyote. Linganisha migawanyo kwa kuuliza ni jozi ngapi za watu zimekaa pamoja katika yote miwili. Kama mara kumi zilizo bora zinakaribiana kwa alama lakini zinawapanga watu tofauti kabisa, ripoti hilo kama lilivyo, pamoja na watu ambao hubaki pamoja katika zote kumi.